Mbaraka Mwinshehe: Gitaa la Mji Kasoro Bahari



Kila mwaka kijarida chetu cha michango kinapotoka, huwa tunatenga kurasa chache kwa ajili ya mtu mmoja aliyelipeleka jina la mji wetu mbali kuliko sisi tulivyoweza kulipeleka. Mwaka huu hatukubishana sana. Tumemchagua Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa, mtunzi na mwimbaji, aliyefariki Januari 1979 akiwa na umri wa miaka 34.

Tunajua wapo miongoni mwenu waliocheza dansi mbele ya jukwaa lake na wanaokumbuka hata shati alilovaa. Tunajua pia wapo vijana wetu waliozaliwa muda mrefu baada ya msiba ule, ambao wanazijua nyimbo zake kwa sababu tu baba huziweka siku za Jumapili. Makala haya ni ya wote wawili. Wakubwa watusamehe tukirudia wanayoyajua, na wadogo wavumilie tukianzia mbali kidogo, kwa sababu Mbaraka hakuota kama uyoga. Alitoka katika mji uliokuwa umeshamwandalia mahali pa kusimama.

Mji uliojengwa njia panda

Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, na tangu hapo mji wetu umekuwa mahali ambapo watu hushuka, hula, hulala na kuendelea na safari. Barabara ya Dodoma inapita hapa, ya Iringa inapita hapa. Chini ya milima ya Uluguru yakapandwa mashamba makubwa ya mkonge, na mkonge ukaleta manamba kutoka kila upande wa nchi. Mji wenye wageni wengi na siku ya mshahara ni mji unaohitaji muziki. Ndiyo maana watu wakasema Morogoro ina kila kitu, kasoro bahari.

Kabla ya gitaa kulikuwa na tarumbeta. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia ngoma ya beni ilikuwa imeenea nchi nzima kutoka pwani, vijana wakitembea kwa gwaride, wamevaa kama maaskari, wakipuliza tarumbeta na kupiga ngoma kubwa, kila chama kikishindana na kingine kwa mavazi, kwa vyeo na kwa nyimbo. Beni ilipoanza kufifia, tabia yake ya mashindano haikufa. Ilihamia kwenye klabu za dansi. Vijana wa mjini waliunda vyama, wakachanga fedha, wakanunua ala, wakajiita jazz. Dar es Salaam walianza mapema, na Morogoro Jazz ikaanzishwa mwaka 1944.

Neno lile jazz lisiwapoteze vijana. Halikuwa na maana kwamba bendi zile zilipiga muziki wa Wamarekani weusi wa New Orleans. Lilikuwa neno la fahari, lenye maana ya bendi ya kisasa, yenye ala za kizungu na wanachama waliovaa tai. Muziki wenyewe ulichota zaidi kutoka Cuba. Santuri za rumba na son kutoka huko ziliuzwa Afrika kuanzia miaka ya 1930, zikiwa na herufi GV na namba, na hapa kwetu watu waliziita GV tu. Walioziimba hawakujua Kispaniola, lakini mapigo waliyatambua mara moja, maana mengi yalikuwa yamevuka bahari kutoka Afrika pamoja na watumwa, na sasa yalikuwa yanarudi nyumbani yamevaa nguo mpya.

Aliyeyatambua kuliko wote hapa kwetu alikuwa Salum Abdallah. Husimuliwa kwamba katika ujana wake alitoroka nyumbani akaenda Mombasa kutafuta meli ya kumpeleka Cuba kwenyewe. Meli hakuipata. Akarudi Morogoro, na kwa kuwa hakuweza kwenda Cuba, akaamua kuileta Cuba hapa. Bendi yake ya Cuban Marimba ikawa moja ya bendi kubwa za Tanganyika katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na sauti yake ikasikika redioni na kwenye santuri kote Afrika Mashariki.

Basi mji wetu ukawa na bendi mbili, na watu wake wakawa na pande mbili. Kulikuwa na nyumba za Cuban Marimba na nyumba za Morogoro Jazz, kama ilivyo leo kwa Simba na Yanga. Ndugu wa tumbo moja waliweza kuishia kwenye kumbi mbili tofauti Jumamosi usiku, na asubuhi wakabishana hadi chai ikapoa. Tunalisema hili si kwa kuchekesha. Mashindano yale ndiyo yaliyoifanya Morogoro, mji wa mkoa, iwe na wanamuziki ambao Dar es Salaam yenyewe iliwaogopa.

Mtoto wa mwaka 1944

Mbaraka alizaliwa Juni 1944, mwaka uleule ilipozaliwa Morogoro Jazz. Hakuna aliyejua siku ile kwamba mtoto na bendi wangekuja kukutana, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alipokuwa mtoto wa miaka saba, mwaka 1951, redio ya Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo, na muziki wa bendi zetu ukaacha kuwa kitu cha wale tu walioweza kulipa kiingilio. Kizazi cha Mbaraka ndicho cha kwanza kilichokua kikisikia bendi za nyumbani zikitoka kwenye sanduku, pamoja na gitaa za Kongo ambazo zilikuwa zimeanza kuziteka nchi zote za jirani.

Alijiunga na Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960, kijana wa miaka ishirini na kitu. Wakati huohuo mji ulipata pigo. Novemba 1965 Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya gari. Cuban Marimba haikufa; Juma Kilaza aliishika na kuiendesha kwa miaka mingi, na wapenzi wake hawakuikimbia. Lakini kiti cha nyota wa mji kilikuwa wazi, na aliyekuja kukikalia alikuwa amesimama upande wa pili.

Alikikalia kwa gitaa kwanza. Katika bendi za wakati ule gitaa zilipangwa kama kazi za nyumbani, kila moja na sehemu yake: besi inashika sakafu, ridhimu inajenga kuta, solo inafungua madirisha. Mbaraka alipiga solo. Alikuwa na namna ya kuanza wimbo taratibu, gitaa likijibizana na sauti, kisha sehemu ya pili muziki unapochemka gitaa linachukua usukani peke yake, linarudia kipande kifupi tena na tena, linakigeuza kidogo, linakirudisha, hadi anayecheza anasahau kwamba maneno yameshakwisha. Wapenzi wakampa jina la Soloist National, nalo likamganda hadi leo.

Pili, alikikalia kwa maneno. Wapiga solo wengi huwaachia wengine kuimba. Yeye alitunga, akaimba na akapiga. Sauti yake haikuwa ya kupaa juu sana. Ilikuwa sauti ya mtu anayezungumza nawe mezani. Aliimba mapenzi na ugomvi wa nyumbani, aliimba mashemeji, fedha, safari na shida. Na hilo neno shida alilifanya jina la wimbo, ukawa mmoja wa nyimbo zilizopendwa kuliko zote Afrika Mashariki katika miaka ya 1970. Mpaka leo, ukiupiga katika harusi ya mtu wa Morogoro, wazee watainuka kabla ya vijana.

Tatu, na hili ndilo lililomfanya kuwa wetu, hakuona haya ya kutoka alikotoka. Wapo waliodhani kwamba bendi ya mkoani lazima ihamie jijini ndipo itambulike. Methali ya jogoo wa shamba asiyewika mjini inajulikana na kila mtu, na Mbaraka aliichukua akaitungia wimbo, Jogoo la Shamba. Lakini maisha yake mwenyewe yaliipinga. Dar es Salaam kulikuwa na bendi kubwa, nyingine zikiwa na nguvu ya taasisi nyuma yake, kama NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi iliyoundwa mwaka 1964. Morogoro Jazz ilikuwa na wanachama wake na watu wa mji huu tu. Hata hivyo ilipokwenda jijini kumbi zilijaa.

Osaka

Mwaka 1970 ulifanyika mkutano mkubwa wa mataifa ambao haujawahi kuonekana Asia kabla yake: maonyesho ya dunia, Expo 70, katika mji wa Osaka nchini Japani. Yalifunguliwa Machi yakafungwa Septemba, na waliopita milango yake walikuwa zaidi ya milioni 64. Marekani ilileta jiwe lililochukuliwa mwezini. Tanzania, nchi ambayo haikuwa imetimiza hata miaka kumi tangu Tanganyika ipate uhuru, nayo ilikuwa na banda lake, na muziki wa Tanzania ulipelekwa huko na Morogoro Jazz.

Tuliangalie jambo hili kwa macho ya wakati ule. Wengi wa watu wa mji wetu hawakuwa wamepanda ndege. Wengi hawakuwa wamefika hata Nairobi. Na sasa vijana ambao tulikuwa tunapishana nao sokoni, ambao tulijua nyumba walizopanga na wadai wao, walikuwa wanapanda jukwaani mbele ya mataifa kwa niaba ya Taifa zima. Kulikuwa na bendi nyingi Tanzania, na iliyoonekana Osaka ilikuwa na jina la Morogoro mbele.

Mbaraka aliirekodi safari ile katika wimbo ulioitwa Expo 70. Huo ndio uliokuwa mtindo wake. Kila jambo kubwa lililomgusa alilirudisha nyumbani kwa njia ya wimbo, kama msafiri anayejua kwamba waliobaki wanangoja habari.

Wimbo wa msiba

Siku ya Krismasi mwaka 1971, Dk. Wilbert Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, aliuawa huko Ismani na mkulima mmoja katika mgogoro wa mashamba, wakati Serikali ilipokuwa ikihimiza kilimo cha ujamaa. Nchi ilishtuka. Kwa miaka kumi Watanzania walikuwa wamezoea kuamini kwamba mambo ya namna hiyo hutokea kwa jirani.

Mbaraka alitunga wimbo wa kumwomboleza, uliobeba jina la marehemu. Watu waliosikia redio miaka ile hawajausahau. Tunautaja hapa kwa sababu vijana wetu huambiwa kwamba muziki wa dansi ulikuwa wa kustarehe tu. Haikuwa hivyo. Magazeti hayakufika vijijini kila siku, na wasomaji walikuwa wachache. Wimbo ndio uliobeba habari, na pamoja na habari ukabeba namna ya kuhuzunika pamoja. Mtu wa Kilosa na mtu wa Mtwara, ambao wasingekutana kamwe, walilia msiba mmoja kwa sababu gitaa moja liliwaambia.

Si lazima tukubaliane leo na kila kilichofanyika katika siasa za miaka ile. Tunachosema ni kwamba mwanamuziki wetu hakukaa pembeni. Alijiona kuwa na wajibu, na alipotunga nyimbo za Taifa alizitunga kwa uangalifu uleule aliotungia nyimbo za mapenzi.

Volkano

Tunafika sasa mahali ambapo wazee wetu bado hawajakubaliana, na hatutajifanya kwamba wamekubaliana.

Mwaka 1973 Mbaraka aliondoka Morogoro Jazz na kuunda bendi yake, Super Volcano, ambayo mtindo wake uliitwa Masika. Bendi aliyoiacha nyuma haikurudi tena katika hadhi ile. Kwa mtu aliyekuwa mwanachama wa Morogoro Jazz tangu zamani, aliyechanga shilingi zake kununua gitaa na spika, aliyeshona sare, aliyegombana na shemeji yake wa Cuban Marimba kwa miaka kumi, jambo lile lilikuwa sawa na kuvunjika kwa nyumba. Wapo waliosema ameikata mkono iliyomlea. Wapo waliosema kijana akikua lazima ajenge kwake, na kwamba mtu anayetunga, anayeimba na anayepiga solo ana haki ya kuongoza.

Sisi hatumhukumu. Lakini tunaomba msomaji aone jinsi uamuzi ule ulivyokuwa mgumu kwa hesabu za wakati ule. Miaka ya 1970 bendi nyingi za Tanzania zilikuwa mali ya taasisi: chama cha wafanyakazi, polisi, jeshi, mashirika ya umma. Taasisi ilinunua ala, ililipa mishahara, ilitoa gari. Mwanamuziki wa bendi ya namna hiyo hakutajirika, ila mwisho wa mwezi alipata chochote. Bendi ya mtu binafsi haikuwa na mgongo wa kuegemea. Gitaa, nyuzi, spika na ngoma vilitoka ng'ambo, na fedha za kigeni zilikuwa adimu. Kila kitu kilitegemea kiingilio cha mlangoni na mauzo ya santuri.

Na santuri zenyewe hazikutengenezwa nchini. Redio ya Taifa ilirekodi bendi na kutunza kanda, lakini hapakuwa na kiwanda cha santuri Tanzania. Aliyetaka wimbo wake ununuliwe dukani alipaswa kwenda Kenya, na Mbaraka alirekodi kwa Polydor ya Nairobi. Kwa hiyo ramani ya maisha yake ilichorwa na kazi yake: dansi mkoa huu leo, mkoa ule kesho, kisha mpakani, Nairobi, Mombasa, kisha kurudi. Super Volcano iliishi barabarani kwa sababu barabara ndiyo iliyokuwa mshahara wake.

Miaka ile ndiyo iliyomfanya kuwa wa Afrika Mashariki yote. Wakenya walimchukua kama wao. Nyimbo kama Shida na Mtaa wa Saba ziliimbwa katika baa za miji ambayo Mbaraka mwenyewe hakuwahi kukanyaga. Kiswahili chake kilikuwa chepesi, hakikuhitaji mkalimani Kisumu wala Kampala. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka wetu na Kenya kufungwa, viongozi hawakuwa wanasalimiana, lakini santuri zake ziliendelea kupigwa pande zote mbili. Redio haikuhitaji pasipoti.

Januari 1979

Wakati ule nchi ilikuwa vitani. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yameingia Kagera Oktoba 1978, na vijana wetu, pamoja na wa Morogoro, walikuwa wamekwenda kuyatoa. Watu walikaa karibu na redio kwa ajili ya habari za mapigano. Katika hali hiyo ndipo zilipofika habari nyingine: Mbaraka Mwinshehe amefariki kwa ajali ya gari huko Mombasa, nchini Kenya.

Wengi hawakuamini. Wazee wetu husema kwamba kwa siku kadhaa watu walikuwa wanaulizana kama ni kweli, kwa sababu redio iliyotangaza kifo ilikuwa inapiga sauti yake, na mtu unayemsikia akiimba ni vigumu kumweka kaburini.

Salum Abdallah alikuwa amekufa barabarani mwaka 1965, akiwa na miaka 37. Mbaraka naye akafa barabarani, akiwa na miaka 34. Mji mmoja, bendi mbili zilizoshindana, viongozi wawili waliozitukuza, na mwisho mmoja. Tunazungumzia mambo haya kama bahati mbaya, lakini haikuwa bahati tu. Mtu ambaye lazima asafiri usiku na mchana ili ale, katika magari ya kukodi, kwenye barabara zile, alikuwa akiuweka uhai wake rehani kila wiki. Nasi tuliomshangilia alipofika tulikuwa sehemu ya sababu iliyomfanya asafiri.

Super Volcano haikudumu bila yeye. Volkano haina maana bila moto ulio chini yake.

Alichotuachia, na tulichokifanya nacho

Baada ya kifo chake nyimbo zake zilikusanywa huko Kenya na kutolewa upya katika mfululizo wa albamu zilizoitwa Ukumbusho. Ni jina zuri, nalo linatupa aibu kidogo, kwa sababu ukumbusho ule wa kwanza haukutoka kwetu.

Tujiulize kwa uaminifu. Mgeni akishuka leo stendi ya Msamvu akauliza aonyeshwe mahali ambapo Morogoro inamkumbuka mtu wake, tutampeleka wapi? Tutamwonyesha milima, tutampeleka sokoni, tutamlisha, maana ukarimu tunao. Kisha tutamwimbia. Lakini kitu cha kushika mkononi, picha ukutani, santuri iliyotunzwa, gitaa ambalo mtoto anaweza kuligusa, hatuna cha kumwonyesha cha maana.

Na jambo la pili ni zito zaidi. Nyimbo zake zimepigwa kwa zaidi ya miaka arobaini katika baa, mabasi, harusi na redio. Alipokuwa hai, mwanamuziki wa nchi yetu alizoea kulipwa mara moja, siku ya kurekodi, na baada ya hapo wimbo uliendelea na safari zake bila yeye. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipopitishwa mwaka 1999, na COSOTA kuundwa chini yake, Mbaraka alikuwa kaburini kwa miaka 20. Wapo vijana wa mji huu leo wanaorekodi nyimbo kwenye vyumba vidogo vya Kihonda na Mji Mpya, na wengi hawajui kwamba wimbo unaweza kusajiliwa kama kiwanja kinavyosajiliwa. Wanarudia njia ileile. Kama maisha ya Mbaraka hayatufundishi kitu kingine, na yatufundishe hilo.

Kwa sababu hiyo, katika michango ya mwaka huu, tunaomba mambo matatu kwa jina lake, nayo si makubwa.

La kwanza: santuri, kanda, picha, tiketi na mabango yaliyoko kwenye masanduku na juu ya makabati. Usivitupe unapohamia nyumba mpya, na usiviuze kwa mtalii kwa bei ya soda. Vilete tuvinakili, kisha utarudishiwa vyako. Wapo kati yenu wenye santuri ya Morogoro Jazz ambayo huenda haipatikani tena popote.

La pili: kumbukumbu za wazee. Waliokuwa vijana wa miaka 20 wakati bendi inakwenda Osaka sasa wana zaidi ya miaka 70. Kila mwaka tunazika baadhi yao, na tunazika pamoja nao majina ya nyimbo, ya kumbi na ya wapiga ala ambao hawakuandikwa popote. Kijana mwenye simu ya mkononi ana kinasa sauti mfukoni. Akae na babu yake jioni moja, amuulize, arekodi.

La tatu: ala. Morogoro Jazz na Cuban Marimba ziliwezekana kwa sababu watu wa kawaida walichanga, mmoja kidogo na mwingine kidogo, wakanunua gitaa na tarumbeta ambazo hakuna mmoja wao angeweza kununua peke yake. Watoto wetu wana vipaji vilevile. Wanachokosa ni kitu cha kupigia. Fomu ya ahadi iko mwisho wa kijarida hiki, na anayeweza kutoa gitaa bovu linalohitaji fundi asione haya, fundi tunao.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mbaraka alicheza kwao. Alicheza pia Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa na Osaka, na kote huko alitangulizwa na jina la Morogoro. Sehemu yake ya methali aliitimiza mapema sana, katika miaka 34 tu. Sehemu iliyobaki, ile ya kutunza, ni yetu, na tayari tumechelewa.

Mungu amrehemu Mbaraka Mwinshehe, amrehemu Salum Abdallah, na awarehemu wote waliosimama nyuma yao wakipiga ridhimu, besi, ngoma na saksafoni bila majina yao kuandikwa kwenye santuri. Tukutane siku ya mchango. Na anayekuja na gari lake, tafadhali, aendeshe polepole.